Kosa Lililosemwa kwa Kunong'ona

Mapipa ya klorini yalikuwa yanapelekwa siko. Kidawa aliliona hilo kwenye skrini kabla hajalielewa, kama mtu anavyosikia harufu ya kuungua kabla hajakumbuka kwamba ana chungu jikoni.

Alikuwa ameketi katika chumba cha vioo kilichojengwa juu, ubavuni mwa ghala moja la mtaa wa Clairwood karibu na bandari, mahali pa kutazamia kazi yote ya chini. Siku hiyo programu yao ilikuwa inajaribiwa kwa mzigo wa kweli. Malori yalikuwa yanashusha, madereva wa foklifti, vile vigari vya uma vya kuinulia mizigo, walikuwa wanapita dirishani kwa karani kuambiwa mzigo waupeleke safu gani, na aliyekuwa akiwaambia haikuwa tena akili ya karani, ilikuwa kompyuta. Mwenye ghala alikuwa amesimama kwenye kioo pamoja na Belinda, mkuu wa kampuni ya kina Kidawa, na wote wawili walikuwa na nyuso za watu waliokuja harusini.

Ghala lile liliweka vitu vya watu wengi: matairi, rangi, mafuta ya breki, na ile klorini ya unga ya mabwawa ya kuogelea. Klorini na mafuta ya breki havikai jirani. Vikigusana havilipuki hapo hapo. Hunyamaza kidogo, kama mtoto anayevuta pumzi kabla ya kulia, kisha moto huruka, na moshi wake ukikuingia kifuani hutoki salama. Mwenye ghala alinunua programu kwa sababu hiyo hasa. Kila mzigo wa hatari ulipewa alama, na programu ilikatazwa kuiweka alama hii karibu na ile.

Sasa shehena kubwa ya klorini ilikuwa inahamishwa kupisha mzigo mpya, na kwa kuwa haikutosha safu moja, programu iliigawa nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikwenda na alama yake. Nusu ya pili ilikwenda bila alama, kama magunia ya mchele, na programu ikaitafutia nafasi yoyote iliyo tupu. Nafasi tupu ilikuwa safu ya nyuma, bega kwa bega na mafuta ya breki.

Kosa lile Kidawa alikuwa analijua. Alilikamata yeye mwenyewe zamani, akamwambia Ruphin aliyeandika kipande kile, na Ruphin akamwambia limekwisha.

Zamani, kwenye ofisi yao kule Morningside, mambo hayakuwa hivi. Waandishi wa programu walikuwa na chumba chao, na wanaoijaribu walikuwa na chao, chini ya Mzee Machano, Mzanzibari wa maneno machache aliyemfundisha Kidawa kazi. Ukutani mwao palikuwa na ubao. Kila kosa liliandikwa pale kwa herufi kubwa, na kila apitaye alisoma. Hakuna aliyeona haya, kwa kuwa chumba kile kilikuwa cha makosa kama hospitali ilivyo ya wagonjwa. Lakini vyumba viwili vile viligombana. Huyu akimwambia yule amechelewesha, yule akisema huyu ameleta uchafu, na kazi ikawa inazurura katikati kama barua isiyo na mwenyewe.

Belinda akaenda mafunzoni Johannesburg, akarudi na jambo jipya. Akazivunja kuta. Akaweka meza, na kila meza akaipa mwandishi mmoja, mjaribu mmoja na mtunza data mmoja, na kipande chao cha kazi cha kumaliza wenyewe. Wenyewe wakaziita timu mseto.

"Mseto naujua wa chooko na mchele," alisema Mzee Machano akikusanya vitu vyake kupelekwa meza ya pili, ya kuhamisha mizigo, ghorofa ya chini. "Huu wa watu sijauonja."

Kidawa alikaa meza moja na Ruphin, mkimbizi wa Bukavu aliyeandika programu vizuri kuliko wote pale, na Gosbert wa Bukoba, mtunza data. Belinda aliwaweka pamoja kwa kuwa lugha yao moja. Na kwa kweli walipendana. Gosbert alimwachia Kidawa kiti cha mbali na mashine ya baridi bila kuombwa. Saa ya sala ilipofika, Ruphin alipunguza redio mwenyewe na kunyamaza kama yuko kanisani kwake. Henriette, mke wa Ruphin, alipika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wakavu kila siku ya kazi, na aliposikia kwamba dada wa mezani ni Mwislamu, alinunua sufuria nyingine, mpya, isiyowahi kuingia nyama asiyoila. Jambo hilo Kidawa aliambiwa na Gosbert. Henriette mwenyewe hakulisema kamwe.

Walikula sinia moja. Na hapo ndipo palipoharibikia.

Mwanzoni Kidawa aliandika kosa la Ruphin ubaoni, kama alivyozoea. Wageni wakapita, wakasoma. Mchana ule Ruphin alilisogeza sinia kwao, akasema ameshiba, na hakuwa ameshiba. Kidawa aliona haya. Kwao Unguja alilelewa kwamba ukimwona mtu nguo imemchanika nyuma, humtangazi. Unasimama nyuma yake, unamsitiri, unamwambia sikioni. Sembuse mtu unayekula chumvi yake?

Tangu siku hiyo hakuandika tena. Aliona kosa, akainama, akanong'ona, "Kaka, pale pana kitu." Ruphin akalitengeneza, Kidawa akajaribu, ikapita, wakaendelea kula. Ubao ukawa mweupe. Belinda akawasifu mbele ya wote kwa meza isiyo na makosa.

Sasa, katika chumba cha vioo, Kidawa aliinuka akamwendea Ruphin.

"Kaka, ile nusu ya mzigo."

"Nusu gani, dada?"

"Klorini. Imedondosha alama. Inakwenda safu ya nyuma."

Ruphin aligeuza uso. "Haiwezekani. Ile nilishatengeneza. Kweli, vraiment, siku ile ile. Ulijaribu wewe mwenyewe."

"Nilijaribu. Ikapita."

"Sasa?"

"Sasa njoo utazame."

Mzee Machano, aliyekuwa ameketi mle mle chumbani kwenye kompyuta ya meza ya pili, hakugeuka. "Mnanong'ona nini nyie, kama wezi wa kuku?"

"Mzee," alisema Kidawa, na sauti yake aliishusha zaidi, "nyie huko kwenye kuhamisha, mzigo mnaugawaje?"

"Kwa kipande chenu. Ndikumana, mwandishi wetu, alikiomba kwa Ruphin siku za mwanzo kabisa, akakichukua kama kilivyo. Kwa nini tuandike mara mbili?"

Ruphin alifumba macho. Kipande kile kilichukuliwa kabla ya kutengenezwa. Meza yao ilitibu cha kwao, na meza ya pili ikabaki na kigonjwa, kikifanya kazi kila siku, hakuna aliyejua.

"Na wewe, mzee, hukukipima?" Kidawa aliuliza.

"Kitu kimepita mkononi mwa Kidawa, mimi nikipime cha nini?" Ndipo mzee akageuka, akauona uso wake. Akavua miwani. "Kulikuwa na kosa?"

"Lilikuwapo."

"Sisi hatukuambiwa, mwanangu."

Hakusema kwa ukali. Kidawa angependa angesema kwa ukali.

Chini, foklifti zilikuwa zinavuma. Belinda alikuwa anacheka na mwenye ghala. Ruphin alimshika Kidawa kiwiko, akamvuta pembeni, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Dada, nipe muda kidogo tu. Iko kitu ndogo. Naweka alama kwa mkono, programu yenyewe inarudisha ile mapipa. Hakuna mtu anajua."

"Na yaliyokwisha kwenda?"

"Yanarudi. Dada, unajua mambo yangu. Belinda alisema leo ikipita, ananiandikia kazi ya kudumu. Henriette alishaona nyumba Glenwood, iko na jiko yake peke yake, alishamwambia mwenye nyumba tunakuja." Kisha akauachia mkono wake na kuongeza polepole, "Sikulazimishi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomfunga. Angemlazimisha, angemkatalia.

"Fanya upesi," alisema Kidawa, akashuka ngazi.

Alifikiri hivi: Ruphin atengeneze juu, yeye asimamishe chini, kimya kimya, na mtu asiaibike. Kwenye mlango wa kwanza alimkuta Ephraim, kijana wa Mbeya aliyezoea kumsalimia kila walipokuja, juu ya foklifti yake na mapipa meupe mbele.

"Ephraim, mdogo wangu. Hayo usiyapeleke nyuma. Yaweke hapo kwanza."

"Kuna nini, dada? Karani kaniambia nyuma."

"Hakuna kitu. Ngoja kidogo tu."

"Eish, dada, bosi yuko juu anatuangalia."

"Nakuomba."

Ephraim alimtazama, akaona kuna kitu, na kwa wema wake hakuuliza tena. "Sharp, sawa," alisema, akayashusha mapipa chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Hata injini aliizima, asimfukizie moshi.

Kidawa alivuta pumzi. Akageuka kuangalia juu. Ruphin alikuwa ameinamia kompyuta, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mzee Machano alikuwa amesimama nyuma yake, mkono juu ya kiti.

Ndipo aliposikia foklifti ya pili.

Ilikuwa ya Jean-Bosco, na ilikuwa imeingilia mlango wa mbali, ambako Kidawa hakufika wala hakumtuma mtu. Jean-Bosco hakuambiwa kitu. Alikuwa na mapipa ya klorini mbele yake, anakwenda nyuma kama alivyoelekezwa, tena mbio, maana bosi anatazama. Na pipa moja la pembeni lilikuwa limetobolewa na uma wa chuma. Unga mweupe ulikuwa unamwagika nyuma yake mstari mwembamba, kama unga wa mahindi unavyotoka kwenye mfuko uliopasuka, na yeye hauoni.

Kule alikokuwa anakwenda, sakafu chini ya mafuta ya breki ilikuwa inang'aa. Makopo yale huvuja. Kila mtu wa ghala anajua huvuja.

Kidawa alianza kumkimbilia. Bado, hata wakati ule, alikuwa anakimbia ili amfikie karibu, amwambie kwa upole. Miguu ilimwambia kwamba hatafika. Jean-Bosco alikuwa anapinda kwenye kona ya mwisho. Wanaume wawili wa kupakia walikuwa wameketi kule nyuma juu ya mbao, wanakunywa chai, migongo yao imegemea mafuta.

Kidawa alisimama katikati ya ghala, akapaza sauti ambayo hakujua kwamba anayo.

"Yima! Jean-Bosco, simama! Yimani nonke! Nyote simameni! Klorini inakwenda kwenye mafuta ya breki!"

Breki zilipiga kelele. Jean-Bosco alisimama, uma umeinuka, na unga ukaendelea kudondoka mahali pamoja, ukijenga kichuguu kidogo. Kutoka pale hadi penye kung'aa hapakuzidi urefu wa mtu aliyelala.

"Zima injini! Usirudi nyuma, utaukanyaga! Shuka! Tokeni nje wote! Programu imekosea, msifuate inavyosema, imekosea!"

Wale wa chai walitupa vikombe. Mmoja aliteleza, na mwenzake, badala ya kukimbia, alirudi akamwinua. Ephraim alikimbilia ndani wakati wengine wanatoka, akamshika Jean-Bosco mkono amshushe, kwa kuwa mwenzake alikuwa ameganda juu ya kiti. Juu, kwenye kioo, nyuso zote zilikuwa zimegeuka. Belinda hakuwa anacheka tena.

Walikusanyika uani, kwenye jua. Watu wa ghala waliovaa barakoa waliingia na mchanga mkavu na majembe. Kila mtu alikuwa anasikiliza kama ndani patalia mlipuko. Hapakulia. Wakatoka wakisema unga umezolewa, na mapipa yote yametolewa kule nyuma.

Hapo mwenye ghala akapata sauti yake, na ilikuwa sauti kubwa. Alisema wapo waliopoteza watu kwa mambo kama haya, na kwamba karani wake mwenye kalamu asingefanya hivi. Belinda alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akawageukia wake.

"Nani aliliona?"

"Mimi," alisema Kidawa.

"Lini?"

Palikuwa na jibu fupi, tayari ulimini. Sasa hivi. Angesema sasa hivi, na lisingekuwa uongo mtupu. Ruphin alikuwa anatazama viatu vyake.

"Leo nimeliona kwenye skrini," alisema Kidawa. "Lakini mara ya kwanza nililiona zamani, tulipokuwa tunaanza. Nilimwambia Ruphin kwa mdomo, na Ruphin akalitengeneza siku ile ile. Sikuliandika. Meza ya pili walikuwa wamekwisha kukichukua kipande chetu, wakabaki na kosa ndani yake. Na leo pia, nilipoliona, nilinong'ona kwanza. Kama ningepiga kelele tangu juu, Jean-Bosco asingefika pale."

"Kwa nini hukuliandika?" Belinda aliuliza, na alikuwa anauliza kweli, si kwa kugomba. "Ubao ulikuwa kwa ajili hiyo."

"Ulituweka meza moja ukataka tuwe ndugu. Tumekuwa ndugu. Mtu hamtangazi ndugu yake."

"Nilitaka ugomvi uishe."

"Uliisha. Tuligombana sana zamani, lakini kosa likiandikwa na chumba kimoja, chumba chote cha pili kilijua. Sasa Ndikumana na Ruphin wanaandika kitu kimoja na hawaonani. Mimi na Mzee Machano kazi yetu moja, tunasalimiana ngazini. Kila meza imepima chake. Katikati ya meza na meza hakuna mtu."

"Na mimi sikupima," alisema Mzee Machano, akasogea akasimama karibu naye. "Niandikie na langu. Niliona jina la huyu binti, nikaridhika."

Belinda alipitisha mkono usoni. Alionekana amechoka ghafla, na Kidawa alimwonea huruma, maana hakuna alichokitaka mwanamke yule isipokuwa watu wafanye kazi kwa amani.

"Programu inazimwa leo," alisema Belinda. "Hairudi mpaka ipimwe yote pamoja, mlango hadi mlango. Ruphin, ile barua ya kazi, siwezi kuiandika. Si leo. Mkataba wako una muda bado, tutaona ukiisha."

Ruphin aliinua kichwa. "Alinionya," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Ni kweli. Mimi ndiye niliyempa Ndikumana kipande kile, na nilipokitengeneza sikumkumbuka. Yeye hakuwa mezani kwetu." Hakumtazama Kidawa hata kidogo alipokuwa akisema.

"Naomba kitu kimoja," Kidawa alisema. "Niondoe kwenye meza ile. Nirudishe na Mzee Machano, tupewe chumba, hata kile cha stoo."

"Wamekukosea?"

"Hawajanikosea hata siku moja. Ndiyo sababu."

Jioni hiyo gari la kampuni liliondoka na Belinda na mzee, na Kidawa akasema atatembea mpaka kituo cha taksi. Alitaka kulia peke yake. Alikuwa amefika njiani, kwenye ile barabara nyembamba ambayo malori ya bandari hupita yakikwaruzana na kuta za nyumba za watu, aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Ruphin.

Lori lilipita, likawatikisia ardhi.

"Dada, ungeniambia kwanza," alisema Ruphin.

"Nilikuambia kwanza, kaka. Hilo ndilo lililotufikisha hapa."

Wakapita duka la matairi, wakapita hekalu lenye mlango wa rangi ya manjano.

"Ile nyumba ya Glenwood itaenda. Mwenye nyumba hawezi kungoja."

"Najua."

"Henriette nitamwambia nini?"

"Mwambie ilivyokuwa. Na mimi nitamwendea. Akinifukuza, nitarudi tena."

"Hatakufukuza," alisema Ruphin, karibu kwa hasira. "Shida ni hiyo, hatakufukuza." Kisha akaongeza, "Mimi nitakaa siku kidogo bila kukusemesha. Hasira iko. Nikikupita ngazini bila salamu, usione nimekuchukia."

"Kaa nayo, kaka. Ni haki yako."

"Wale wawili wa chai," alisema Ruphin. "Niliwaona kutoka juu. Niliwaona, na niliendelea kuandika."

Kidawa alitaka kumwambia kwamba na yeye aliwaona akiwa bado anakimbia kimya. Lakini lori jingine lilikuwa linakuja, refu, na kontena mbili mgongoni, na kelele yake isingeruhusu neno. Ruphin, bila kumtazama na uso wake umekaza bado, alimpita nyuma, akahamia upande wa barabara, akamwachia yeye upande wa ukuta. Lori lilipokwisha pita hakurudi alikokuwa. Alibaki upande ule ule, kati yake na malori, mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, ambapo njia zao zilitengana, na hapo alivuka bila kuaga.